Waliotucheka kwa Kuazima Wameazima Hadi Viambishi

Kila mwanafunzi anayesoma Kiswahili katika vyuo vya hapa Uganda ameisikia shutuma hii, na wengi wetu tumeisikia kutoka kwa watu tunaowaheshimu. Husemwa kwamba Kiswahili si lugha inayojitegemea. Ati ni Kiarabu kilichochanganywa na Kibantu, kikaongezewa Kireno, Kihindi na Kiingereza, kisha kikapewa jina. Halafu, bila hata kuvuta pumzi, msemaji huyohuyo hukisifu Kiingereza. Kiingereza, anasema, ni lugha iliyonyooka. Maneno yake yana mizizi inayojulikana na miisho inayoeleweka. Ukishajua kwamba "-ology" ni elimu na "-ism" ni itikadi, umeshika ufunguo wa maarifa yote ya dunia.

Napinga madai yote mawili, na nitayapinga kwa kuyatazama maneno ya Kiingereza yenyewe. Anayekichukulia Kiingereza kuwa kipimo cha usafi wa lugha hajawahi kukifungua akaona ndani yake mna nini.

Mjadala huu si wa kijiweni tu. Katiba yetu, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Sisi tunaosoma leo ndio tutakaotumwa kukifundisha. Mtoto ambaye nyumbani kwao ameambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya kuokotaokota ataingia darasani akiwa na dharau tayari, na mwalimu asiyekuwa na jibu ataishia kuomba radhi kwa ajili ya somo lake mwenyewe. Kwa hiyo jibu lazima lipatikane.

Tuanze na miisho ya maneno, yaani viambishi tamati, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa zaidi.

Kiingereza kilitokana na lahaja za Kijerumani za makabila ya Angle, Saxon na Jute yaliyovuka bahari kuingia Uingereza kuanzia karne ya 5. Miisho ya asili waliyokuja nayo ipo hadi leo, na historia yake inapendeza. Mingi ilikuwa maneno kamili. "-hood" iliyo katika "childhood" ilikuwa neno lenye maana ya hali au cheo. "-dom" iliyo katika "kingdom" na "freedom" ilikuwa neno lililomaanisha hukumu au sheria. Neno hilo bado lipo peke yake kama "doom", ingawa siku hizi linataja maangamizi. "-ship" iliyo katika "friendship" inahusiana na kitenzi cha kale cha kuumba. Nayo "-ly" tunayoiona katika "friendly" ilitokana na neno lililomaanisha mwili au umbo, hata maiti. Mbele ya makanisa ya zamani ya Uingereza kuna lango lenye paa liitwalo "lychgate", mahali ambapo jeneza liliwekwa kabla ya mazishi. Neno la maiti katika lango hilo ndilo linalofunga kivumishi "friendly". Maana yake ya kwanza ilikuwa "mwenye umbo la rafiki".

Hapo hapo tuone kama ni kweli kwamba ukijua mwisho umejua maana. Mwanafunzi akiona "hopeless" atadhani mwisho wake ni neno "less", yaani pungufu. Sivyo. Ni neno jingine la kale lililomaanisha "bila" au "-siokuwa na". Akiona "playwright" atadhani ni mtu anayeandika, na wengi wetu tumeliandika hivyo kwenye mtihani wa fasihi tukasahihishwa kwa wino mwekundu. "Wright" ni fundi, mtu anayeunda kitu kwa mikono. Mtunzi wa tamthilia kwa Kiingereza anaitwa fundi, kama vile fundi wa magurudumu anavyoitwa "wheelwright". Lugha iliyonyooka isingekuwa na mitego ya namna hii.

Hiyo ilikuwa miisho ya asili. Sasa tutazame iliyobaki. Mwaka 1066 William wa Normandy aliishinda Uingereza, na kwa karne kadhaa watawala wa nchi walisema Kifaransa. Baadaye, enzi za mwamko wa elimu za kale, wasomi walichota Kilatini na Kigiriki kwa ndoo. Matokeo yake ni kwamba miisho ambayo tunaihesabu kuwa ndiyo sura ya Kiingereza cha kisomi si ya Kiingereza. "-tion", "-ment", "-age" na "-ity" zimetoka Kilatini, nyingi kwa kupitia Kifaransa. "-ism", "-ist" na "-ology" zimetoka Kigiriki. "-able" imetoka Kilatini, na wasemaji wa Kiingereza waliizoea kiasi cha kuihusisha na neno lao "able", ambalo lina asili nyingine ya Kilatini. Shuleni tulifundishwa kwamba "-ise" ni ya Waingereza na "-ize" ni ya Wamarekani. Lakini kamusi kubwa ya Oxford yenyewe hutumia "-ize", kwa sababu kiambishi hicho asili yake ni Kigiriki, na Kigiriki kiliandika sauti ya z.

Hata "-er" ya "teacher" na "baker", ambayo kila mtu angeapa kwamba ni ya Kiingereza halisi, wataalamu wengi wa historia ya lugha wanaona kuwa ilitoka Kilatini, ikaingia katika lugha za Kijerumani kabla hata Kiingereza hakijazaliwa. Mwalimu wa Kiingereza hawezi kutaja kazi yake bila kutumia kiungo cha kuazima.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Lugha zote huazima maneno. Lakini kuazima neno ni jambo moja, na kuazima kiambishi ni jambo jingine. Anayeazima neno ameazima sufuria ya jirani. Anayeazima kiambishi ameazima mafiga. Kiambishi ndicho kinachojenga maneno mapya. Ukikiazima, umeazima namna ya kupika. Kiarabu kilitupa maneno mengi sana, pamoja na viunganishi kama "lakini" na "au". Hakuna anayekataa. Lakini mafiga ya Kiswahili yamebaki ya Kibantu. Ngeli ni za Kibantu. Viambishi vya nafsi na njeo ni vya Kibantu. Minyambuliko ya kitenzi ni ya Kibantu. Neno "safiri" lilipofika kutoka Kiarabu halikuja na vyombo vyake. Lilikuta vyombo vyetu vikilingoja, likawa "msafiri", "usafiri", "safirisha", "usafirishaji", "safirika". "Fikiri" likawa "fikiria", "fikirisha", "mfikirivu". Hakuna Mwarabu atakayeyatambua haya kuwa ni yake.

Kiingereza kilifanya kinyume. Kilichukua neno pamoja na mkia wake, kisha kikaukata mkia na kuushona kwenye maneno yake mengine. "Talk" ni neno lao la asili. Wakalishonea mkia wa Kilatini wakapata "talkative". "Eat" ni lao. Wakalishonea mkia wa Kilatini wakapata "eatable". "Starve" ni lao, na "starvation" ni neno la njaa lenye mkia wa kigeni. Kwa upande mwingine wakachukua shina la Kifaransa wakalifunga kwa mkia wao, wakapata "beautiful" na "useless". "Television" nayo imeungwa kwa Kigiriki mbele na Kilatini nyuma. Kama usafi ndio kipimo, basi Kiswahili kimekizidi Kiingereza usafi, na kimekizidi pale penye maana zaidi. Nyani haoni kundule.

Wala mambo haya hayakuishia zamani. Mwaka 1972 wezi walikamatwa katika ofisi za chama cha siasa ndani ya jengo liitwalo Watergate mjini Washington, na kashfa ile ikamwondoa Rais Nixon madarakani. Tangu hapo kila kashfa hupewa mkia wa "-gate", ingawa katika jina la jengo lile neno hilo lilimaanisha lango tu. "Hamburger" ni jina lililotokana na mji wa Hamburg. Hakuna nyama ya nguruwe ndani yake wala neno la nyama. Lakini wasemaji walidhani "ham" ni kipande kinachojitegemea, wakakata "-burger" wakaibandika kwenye jibini na kuku. Neno "alcohol" lilitoka katika neno la Kiarabu la unga laini wa kupaka machoni, yaani wanja. Kutoka "alcoholic" wakakata mkia mwingine, wakaunda "workaholic", mtu asiyeweza kuacha kazi. Mkubwa wa ofisi anayekicheka "kitabu" kwa Uarabu wake husifiwa kwa neno ambalo mkia wake umetoka kwenye kichupa cha wanja cha Waarabu, na kwa furaha hupokea sifa hiyo.

Tukiacha miisho tukayatazama maneno ya ajabu, hali ni ileile. Kila mhula tunapewa "syllabus". Neno hili lina sura ya Kilatini cha heshima, na wako wanaojitahidi kulipa wingi wa Kilatini, "syllabi", ili waonekane wamesoma. Asili yake ni kosa. Katika nakala za barua za Cicero palikuwa na neno la asili ya Kigiriki lililotaja kipande cha kubandika kwenye kitabu ili kuonyesha jina lake. Wachapishaji wa karne ya 15 walilisoma vibaya, na hilo kosa la kusoma ndilo lililozaa "syllabus". Sisi tunalo neno "muhtasari", lenye asili ya Kiarabu na lenye maana iliyonyooka: jambo lililofupishwa. Lakini ukiliandika "muhtasari wa kozi" kuna atakayekunja uso, na ukiandika neno lililozaliwa na macho mabovu ya mchapishaji, utaitwa msomi.

Herufi b katika "debt" haijawahi kutamkwa na Mwingereza yeyote. Waliliandika neno hilo bila b, kama walivyolipokea kutoka Kifaransa, mpaka wasomi wakaichomeka ili kulikumbusha Kilatini. Herufi s ya "island" ni mbaya zaidi, kwa kuwa neno lile ni la asili ya Kijerumani na halina uhusiano wowote na Kilatini. Lilibandikwa s kwa kufananishwa na "isle". Watoto wetu hupigwa alama za kukosea kwa sababu ya majivuno ya wasomi waliokufa karne nyingi zilizopita.

Mwaka 1934 kamusi kubwa ya Webster ya Marekani ilichapishwa ikiwa na neno "dord", ikalieleza kuwa ni densiti katika fizikia. Neno hilo halikuwapo duniani. Palikuwa na kikaratasi kilichosema kwamba herufi D kubwa au d ndogo hutumika kama kifupisho cha densiti, na mtu akaviunganisha. Kosa liligunduliwa mwaka 1939. Na lile neno refu linalosifiwa kwenye mashindano ya tahajia, lenye herufi 45, linaloanza na "pneumono" na kutaja ugonjwa wa mapafu utokanao na vumbi, halikuzaliwa hospitalini. Lilibuniwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, rais wa chama cha wapenda mafumbo ya maneno nchini Marekani, ili liwe refu. Ukilipasua utapata Kigiriki na Kilatini tu. Neno refu kuliko yote katika kamusi nyingi za Kiingereza halina hata kipande kimoja cha Kiingereza cha asili.

Sisemi haya ili kuwacheka Waingereza. Walichofanya ndicho tunachofanya sisi, na hapo ndipo wanaotudharau wanapoumbuka. Mfano mmoja unatosha. Kiswahili kilipokea "kitabu" kutoka Kiarabu, kikaisikia "ki-" ya mwanzo kama kiambishi cha ngeli yake, kikaunda "vitabu". Kilipokea "virusi" kutoka Kilatini kwa mkono wa Kiingereza, kikaisikia "vi-" kama wingi, kikaunda umoja "kirusi". Watu hucheka: "Tazameni, hawajui hata neno lilivyo!" Basi watazame na huku. Kiingereza kilikuwa na neno "pease", la njegere. Lilikuwa umoja. Wasemaji wakaisikia s ya mwisho kama wingi, wakaiondoa, wakapata "pea". Walipokea "cherise" kutoka kwa Wafaransa wa Normandy, tunda moja. Wakafanya vilevile, wakapata "cherry". "Apron" ilikuwa "napron", na n ikahamia kwenye neno lililotangulia. "Nickname" ilikuwa "ekename", ikaiba n kutoka hukohuko. Sikio la Mwingereza na sikio la Mswahili limefanya kazi moja: kila lugha husikia neno geni kwa sarufi yake. Kwa nini huku iitwe ujinga na kule iitwe historia ya lugha?

Wenzangu Waganda wanaoniambia Kiswahili ni Kiarabu nawakumbusha kwa upole kwamba wao husoma "ekitabo", huandika "ebbaluwa", huulizana "essaawa" na hukoroga "ssukaali" kwenye chai. Maneno yote manne yalipita pwani kabla ya kufika Buganda. Je, Luganda nacho si lugha?

Kuna watakaonijibu kwamba Kiingereza, hata kama kimeazima, kimetawala dunia, na kwamba ushindi huo ni ushahidi wa ubora wake. Naukubali ukweli wa kwanza na kuukataa wa pili. Kiingereza hakikufika Entebbe kwa uzuri wa "-tion" na "-ness". Kilifika kwa meli, kwa bunduki, kwa biashara na kwa mikataba iliyotiwa saini na watu wasioweza kuisoma. Mwenye nguvu akizungumza, hata makosa yake huwa kanuni.

Wengine watanijibu kutoka upande wa pili: basi tukisafishe Kiswahili, tuondoe kila neno la kigeni. Nao historia ya Kiingereza inawajibu. Katika karne ya 16 John Cheke, profesa wa Kigiriki huko Cambridge, alitaka Kiingereza kiandikwe bila mchanganyiko. Alipotafsiri Injili ya Mathayo aliandika "gainrising" badala ya neno la Kilatini la ufufuo, na "hundreder" kwa kamanda wa askari mia. Karne ya 19 mshairi William Barnes alijaribu tena. Kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1878 alikiita "speech-craft", kwa kuwa neno "grammar" lilikuwa la kigeni. Maneno yao mengi yalikufa pamoja nao. Lakini "folklore", lililobuniwa na William Thoms mwaka 1846 kwa vipande viwili vya asili, lilishika, na leo linatumika duniani kote. Neno la asili linaposhika hushika kwa sababu watu wamelihitaji na wamelipenda. Kulilazimisha kwa jina la usafi hakusaidii.

Basi tufanye nini sisi? Kwanza, tuache kuomba radhi. Mtu akisema "fonolojia" na "saikolojia" ni Kiingereza, tumwambie kwamba Waingereza nao waliomba hicho kiambishi kwa Wagiriki, na hawana hatimiliki yake. Pili, tuyatumie mafiga yetu. Kazi ambayo Kiingereza hufanya kwa "-ism" sisi hufanya kwa "u-" moja tu: "ujamaa" umejengwa juu ya neno la Kiarabu, "ubepari" juu ya neno lililotoka Bara Hindi, na "utandawazi" juu ya mashina yetu wenyewe. Yote matatu yanaeleweka kwa mkulima na kwa profesa. Luganda kina mwisho wa mahali: "okusoma" huzaa "essomero", shule, na "okulwala" huzaa "eddwaliro", hospitali. Kiswahili kina ndugu yake katika "kimbilio" na "tegemeo", lakini tunamwacha alale huku tukikimbilia kuandika neno zima la Kiingereza na kulitia irabu mwishoni. Sioni ubaya wa kuazima. Ubaya ni kuazima kwa uvivu, jikoni kukiwa na moto.

Tatu, tunaokwenda kufundisha tuwafundishe wanafunzi wetu historia ya Kiingereza pia. Mwanafunzi akijua kwamba "syllabus" ni kosa, kwamba b ya "debt" ni pambo, na kwamba mwisho wa "friendly" ulikuwa maiti, hatakichukia Kiingereza. Atakisoma bila woga, kama lugha ya watu waliokuwa wakihangaika kama sisi, wakiokota, wakikata na kushona. Na atakapofungua kitabu cha Kiswahili hataona aibu juu ya neno lililokuja kwa jahazi. Lugha iliyoazima mafiga haina haki ya kuicheka iliyoazima sufuria.